Fundi Mizani Apima Modemu Mbili

Miongoni mwa watu niliojaliwa kukaa nao ukuta kwa ukuta, sijamwona aliyeiheshimu haki kwa vidole vyake kama Fundi Mizani. Nasema kwa vidole, kwa kuwa haki ya wengi wetu hukaa ulimini, na hapo haichoki upesi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani: za maduka, za bucha, za zahanati zinazopimia watoto wachanga, na ile kubwa ya ghala la nafaka ambayo mtu hupanda juu yake na gunia lake begani. Akiletewa mizani iliyoshitakiwa kwa dhuluma, hakuuliza nani kamdhulumu nani. Aliweka jiwe la kilo katika kitanga cha kulia na jingine katika kitanga cha kushoto, akainama hata pua ikakaribia kuugusa ulimi wa mizani, kisha akabadilisha: la kulia likaenda kushoto, la kushoto likaja kulia.

"Uzito ukilifuata jiwe," alikuwa akisema, "jiwe ndilo lenye kosa. Uzito ukibaki upande uleule, mizani ndiyo mwizi."

Vitanga vilipolingana, na hapo tu, alitamka neno lake: "Sawasawa." Kwa bahati mbaya neno hilo lilimzoea kuliko alivyolizoea yeye. Akiulizwa kama chai imekolea, sawasawa. Akipewa pole ya mafua, sawasawa. Mkewe alipata kumwambia kwamba siku ya kiyama atakapoulizwa alivyoutumia umri wake, amche Mola wake asijibu vivyo hivyo.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama barabara na mwanga wa asubuhi unaoingia bila kubisha hodi. Nasema ilikuwa, maana mama mkwe wake, baada ya kufiwa na mumewe, alikuja kukaa kwa binti yake mpaka mambo yatulie, na mambo, kwa hekima ya Mwenyezi Mungu, hayakutulia. Akapewa karakana. Mizani zikatawanyika kama wakimbizi: za bucha chini ya kitanda cha mwenyewe na mkewe, za zahanati juu ya kabati la vyombo, na ile ya ghala ikasimama katika ujia wa kwendea msalani, ambapo kila apitaye alipimwa apende asipende. Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliyekuja kumsindikiza mama kwa wiki moja na kusahau kuondoka, alikoma kula chakula cha usiku cha kushiba kwa sababu ya ujia huo. Fundi mwenyewe alifanya kazi kwenye pembe ya meza ya chakula, akiziondoa parafujo zake kila sahani zilipokuja, na mara moja walau parafujo moja ilipita pamoja na mboga.

Hakulalamika. Lakini kila asubuhi alisimama ujiani na kikombe chake, akilitazama lile dirisha kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, kama mtu anayetazama picha ya ujana wake.

Ikawa siku moja mama mkwe akamwita.

"Mwanangu, kaa."

Akakaa.

"Kile kiwanja cha marehemu nimekiuza. Sasa pesa sitaki zilale. Pesa ikilala, wajukuu wanaiamsha. Dalali wa hisa, yule wa juu ya duka la dawa, anasema watu wananunua hisa za vidude vya intaneti."

"Modemu, mama."

"Hizo hizo. Kuna kampuni mbili, zinagombana. Mimi sijui kugombana na mashine. Wewe ni mtu wa kupima, nipimie. Na nakuahidi, faida ya kwanza ikiingia, najenga chumba changu pale nyuma, karakana yako unarudishiwa."

Fundi alilitazama dirisha. Jua lilikuwa limekaa juu ya kizingiti chake, palepale alipozoea kuipanga bisibisi yake ndogo.

"Sawasawa," akasema, na safari hiyo alimaanisha.

Ofisi ya dalali ilikuwa chumba chembamba kinachonuka dawa ya kikohozi kutoka chini, chenye feni iliyogeuza kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa kila anachoambiwa. Dalali alimweleza jambo hilo kwa ustadi. Barabarani, alisema, umepita waya mmoja mnene wa televisheni, na nyumba zote za mtaa zinaugawana. Kila nyumba ikiweka modemu, modemu zote zitataka kusema ndani ya waya uleule mmoja. Basi zitasemaje bila kukanyagana? Kampuni ya kwanza inazipanga kwa zamu: moja inasema, nyingine zinangoja, upesi hata mwenye nyumba asijue kwamba alingojeshwa. Kampuni ya pili imekataa zamu. Modemu zake husema zote kwa pamoja, kila moja na msimbo wake, na mtambo wa upande wa pili unazichambua.

"Na ipi bora?" akauliza Fundi.

"Kwa kununua? Ya kwanza hisa zake bei nafuu, faida yake uji wa kila siku. Ya pili hisa zake ghali, maana ujuzi huo mwenye kampuni anao peke yake, na anadai modemu zake zinafanya kazi hata kwenye waya mkuukuu wenye makelele. Hiyo ni karamu au njaa."

"Sijauliza chakula. Nimeuliza ipi bora."

"Mzee wangu, nunua nusu kwa nusu, ulale usingizi."

Fundi aliinuka. Katika ufundi wake hakuna tusi kubwa kuliko hilo. "Nusu kwa nusu," alisema, "ni jibu la mtu ambaye hajapima."

"Haya. Lakini ya pili inapanda kila asubuhi. Ukichelewa utakuja kupima hewa."

Jioni hiyo alinijia. Mimi katika umri wangu nimewasomesha vijana elimu ya mantiki, na miongoni mwa milango yake umo mlango wa kiyasi: kukihukumu kisichoonekana kwa kukilinganisha na kinachoonekana, ikiwa vinashirikiana katika sababu. Fundi aliukumbuka mlango huo kutokana na mazungumzo yetu ya barazani.

"Maalim," akasema, "ndani ya modemu siwezi kuingia. Nitafute nini kinachofanana nayo?"

"Waya mmoja, wanaougawana watu wengi wenye mengi ya kusema?" nikamjibu kwa mzaha. "Fundi, hiyo ni meza yako ya chakula."

Nilitegemea acheke. Alitikisa kichwa taratibu kukubali, akasema sawasawa, akaenda zake.

Yafaa msomaji aijue meza ile. Mama mkwe na binti zake wawili walikuwa na kipawa ambacho sijakiona kikielezwa na wataalamu wa balagha: walizungumza wote watatu wakati mmoja, kila mmoja jambo lake, na hakuna aliyepotewa na neno la mwenziwe. Mmoja akisimulia msiba, wa pili bei ya vitambaa, wa tatu ndoto, mwisho wake wote walilia palipostahili kilio na kushangaa palipostahili mshangao. Fundi peke yake alikula kimya kati yao, kama mgeni katika nchi ya watu. Haya ninayoyasimulia niliambiwa na wanawake wale watatu, kwa pamoja kama desturi yao, kisha na Fundi mwenyewe, ndipo nikaelewa.

Usiku wa kwanza alipima njia ya zamu. Alikuja mezani na kitanga cha shaba na jiwe dogo, akatangaza kwamba hakuna atakayesema mpaka agongewe.

"Tumekuwa shule?" akauliza shemeji.

"Zamu yako bado, shemeji."

Akamgongea mama mkwe, kwa heshima ya umri. Mama mkwe akaanza na ugonjwa wa marehemu mumewe, akarudi nyuma mpaka siku ya posa, akatoka hapo akaenda kwa ndugu wa marehemu, mmoja mmoja. Mkewe Fundi alinusa hewani, akainua mkono.

"Mume wangu..."

"Zamu."

"Lakini, bwana wee..."

"Zamu, mke wangu. Modemu haidakii."

Mama mkwe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuachiwa uwanja mtupu namna ile, hakuharakisha. Alipomaliza, Fundi akamgongea mkewe.

"Nilitaka kusema maharage yanaungua," akasema mkewe. "Sasa nasema yameungua."

Ikafika zamu ya shemeji. "Mimi nilitaka kusema kwamba yeye anataka kusema maharage yanaungua."

Walikula mkate mkavu. Fundi alitafuna akiwa na furaha ya mtafiti: njia ya zamu ina adabu, lakini habari ya haraka hufika ikiwa majivu.

Usiku wa pili akapima njia ya pamoja. Ili asiidhulumu kampuni ya pili, alimpa kila mmoja msimbo wake wa kufungulia sentensi: mama aanze na "sikilizeni," mkewe na "jamani," shemeji na "hebu." Akagonga jiwe mara moja tu, na lango likafunguka.

"Sikilizeni, mimi hili jambo la hisa nimelifikiria..."

"Jamani, fundi cherehani kanirudishia gauni, mkono mmoja mrefu..."

"Hebu mama, hilo nalo neno, na ukilitazama vizuri..."

"...tangu aanze kuzipima mtu hali, halali..."

"...nikamwambia, wewe umenipima mimi au umepima mti? Jamani mama, na kweli kakonda!"

"...hebu apishwe tu, pale nyuma pana nafasi..."

Fundi aligeuza kichwa kushoto na kulia kama feni ya dalali. Alishika neno "mkono," akashika neno "nyuma," akashika "dirisha" likipita mbio, asijue kama ni dirisha la gauni au mkono wa nyumba. Wanawake wale walikwenda mbele bila kupungukiwa, wakikatishana na kuungana kama mito ya mvua. Kisha, ghafla, wote watatu wakanyamaza kwa pamoja, wakamtazama yeye.

"Basi, mwanangu," akasema mama mkwe, "unasemaje?"

Hapa ndipo palipohitaji ushujaa, na ushujaa haukuwapo. Fundi wa mizani atakirije mbele ya wakwe kwamba mizani yenyewe, yaani sikio lake, haikupima kitu? Alifuta midomo.

"Sawasawa," akasema.

"Umekubali kwa moyo mmoja?"

"Sawasawa kabisa, mama."

Mama mkwe akachukua pande la nyama lililokuwa mbele yake, akaliweka katika sahani ya mkwewe. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu ndoa ifungwe. Fundi alilipokea kama ushahidi kwamba majaribio yamefaulu.

Walipokuwa wakiosha vyombo, mkewe akamwambia, "Mimi si fundi, lakini wewe umepima kwenye meza moja tu. Hujabadilisha vitanga."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe. Kesho yake akaja kula kwetu, na kitanga chake kwapani.

Mimi na mke wangu tumeishi pamoja kwa neema za Mola muda mrefu, na tuliyokuwa nayo ya kuambiana mengi tumekwisha kuambiana. Fundi akatugongea kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Chumvi." Mke wangu akaisogeza; zamu yake ilipofika hakuwa na neno. Kisha Fundi akaturuhusu tuseme kwa pamoja. Akategea sikio kama tabibu anayesikiliza kifua. Tukala. Kijiko kiligusa sahani. Mwisho mke wangu akamwambia, "Karibu tena, baba," na majaribio yakafungwa.

Fundi alisimama mlangoni akiwa na uso wa mtu aliyefunuliwa siri. "Maalim, kwenu njia zote mbili ni sawa. Kwangu zinatofautiana. Kwa hiyo uzito haukuifuata njia, umebaki nyumbani. Penye waya mtulivu, zamu inatosha na kubaki. Penye makelele, wa pamoja wanashinda. Linalobaki kujua ni moja: waya za dunia hii ni za kwako au za kwangu?"

Siku iliyofuata alitembea mtaa hata mtaa akizitazama juu, akigongana na watu na kuwaomba radhi. Aliona waya zilizofungwa kwa utepe juu ya utepe mwingine, zilizolegea hata nguo zikaanikwa juu yake, zilizonasa mifuko ya plastiki na mkia wa tiara, na kunguru wakizitafuna kwa bidii. Hakuona hata waya mmoja wa kwangu. Basi hukumu ikapatikana: ni kampuni ya pili. Akapanda ngazi za duka la dawa kwa hatua za bwana harusi.

"Imepanda tena," akasema dalali, "lakini nikuambie ukweli, kumeingia jambo jipya. Watengenezaji wengine wote wamekaa kikao, wamekubaliana njia moja. Modemu ya huyu iongee na mtambo wa yule, mtu anunue dukani anapotaka, akaiunganishe tu."

"Wamekubaliana njia ipi?"

"Ya zamu."

"Na ya pili?"

"Imebaki na lugha yake peke yake. Wanaoijua wanaisifu. Tatizo, wa kuzungumza naye ndiye hayupo."

Fundi alikaa chini bila kukaribishwa. Jambo hilo alilielewa kuliko dalali alivyolielewa, kwa kuwa alipata kumiliki mizani ya aina hiyo: nzuri mno, isiyokosea hata punje ya mchele, lakini mawe yake yalikuwa ya kipimo ambacho sokoni hakuna aliyekijua. Hakuna aliyeipinga, na hakuna aliyeitumia. Aliishia kuwekea funguo. Akinunua ya pili, atakuwa amenunua mizani sahihi isiyo na soko. Akinunua ya kwanza, atakuwa amenunua mizani ya kila mtu, na faida ya kila mtu ikigawanywa kwa kila mtu, chumba cha nyuma kitajengwa na vitukuu.

Feni ikakataa kushoto, ikakataa kulia.

"Nusu kwa nusu?" akauliza dalali kwa upole.

Fundi akashuka ngazi. Alirudi nyumbani taratibu, akijizoeza njiani kuitamka aibu ile mbele ya mama mkwe: nusu, kwa, nusu. Alipofika uani alikuta lundo la matofali, na mwashi amechuchumaa akivuta uzi kutoka kwenye tangi la maji hadi ukutani kwangu.

"Nani kakuagiza, ndugu yangu?"

"Mama wa humu. Kasema mwenye nyumba amekubali."

"Mwenye nyumba ni mimi."

Mwashi akamtazama, akauangalia uzi wake. "Basi hongera. Umekubali."

Mama mkwe alikuwa dirishani, upande wa barabara, akizungumza na mpita njia kuhusu magoti. Fundi akamngoja amalize, hakumaliza, akaingilia.

"Mama, hisa je?"

"Hisa zipi tena, mwanangu? Si nilisema mezani? Nilisema hivi: hisa nimeziacha, maana tangu uanze kuzipima huli, hulali. Bora nijenge sasa, kwa pesa ninayoiona. Ila hiki chumba nimekizoea. Hapa naona watu, watu wananiona. Kwa hiyo chumba cha nyuma nakujengea wewe, uhamie na mizani zako. Nikakuuliza, unasemaje? Ukasema nini?"



Jikoni, mkewe na shemeji wakajibu kwa sauti moja, na kwa mara ya kwanza Fundi aliwasikia vizuri: "Sawasawa!"

"Mara mbili," akaongeza mama mkwe, "na nyama nikakupa. Haya, asiyesikia la mkuu?"

"Huvunjika guu, mama."

"Wewe guu lako zima. Umehamishwa tu."

Alinijia kutaka fatwa, iwapo ridhaa ya asiyesikia humfunga mwenyewe. Nililitafakari suala lake kwa uzito unaostahili, nikapitia kauli za waliotutangulia katika milango ya mapatano, nikamuuliza swali moja: mchuuzi akitangaza kwamba vitanga vimelingana, naye hakuvitazama, na mnunuzi akaondoka na sukari yake, je, ana haki ya kumfuata barabarani? Fundi aliikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akaniomba nisimjibu.

Chumba kilijengwa. Hakina mwanga wa asubuhi. Dirisha lake linatazama ukuta wangu, nao haukuumbwa kwa kutazamwa. Lakini kiko mbali na meza ya chakula, na kuta zake ni nene, na humo Fundi aligundua jambo ambalo hakulijua kwa miaka yote ya karakana ya barabarani: kwamba mizani ikikaribia kulingana hutoa mlio mwembamba sana, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Na mama mkwe, kutoka dirishani pake, hakumwacha mwenye duka wala mwenye bucha apite bila kumuuliza mizani yake imepimwa lini mara ya mwisho, mbele za watu, kwa sauti ya kusikika. Kazi zikaja nyingi kuliko alizopata kuletewa.

Hisa za kampuni ya pili zilipanda mpaka dalali akajilaumu kwa kutonunua, kisha zikaporomoka kama jiwe lililokosa kitanga. Miaka baadaye, modemu ilipofika nyumbani kwa Fundi, mtu aliyekuja kuifunga alimweleza kwamba kisanduku hicho kimoja kinajua njia zote mbili: husema kwa zamu, na penye makelele husema kwa pamoja. Fundi alikizunguka mara kadhaa akikitazama kwa wivu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku alipohamia, mama mkwe alisimama mlangoni pa karakana mpya, binti zake wakiwa nyuma yake, na wote watatu wakasema jambo kwa pamoja. Fundi akaweka bisibisi chini, akazima redio, akanyoosha mkono.

"Mama, naomba useme wewe peke yako. Polepole. Sikusikia."

Wakatazamana. Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake.

"Nauliza," akasema mama mkwe, akitenganisha kila neno kama mtu anayeanika samaki, "ile mizani ya ghala, pale kwenye ujia wa msalani. Tuilete huku?"

Fundi alipima. Akaitazama nafasi iliyopo, akautazama mlango, akamtazama mama mkwe, kisha akamtazama shemeji, ambaye alikuwa amefumba macho kama aliye katika dua.

"Sawasawa," akasema.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu aje kwa wiki moja, shemeji aliomba sahani ya pili.